Nyumba ya Fundi Makokha

Tarehe 30 Septemba 1976 Barnaba Makokha anastaafu, baada ya miaka ishirini na tisa katika karakana ya reli, Nakuru. Alianza kama kibarua wa makaa, akapanda hadi fundi mkuu wa breki. Mabehewa aliyoyakagua yaliteremka Mau bila wasiwasi. Nyimbo za kanisa aliziimba kwa nguvu kuliko nyundo, na vibaya kuliko mtu yeyote tunayemjua.

Kuimba huko kulikoma mwaka 1971.

Anayestaafu hurudisha nyumba ya reli, na Makokha alilifikiria hilo mapema. Mwaka 1968 alikopa kwa kampuni moja ya mikopo ya nyumba hapa mjini, akanunua nyumba ya vyumba vitatu. Msimamizi wetu, Gurbachan Singh, alimsindikiza. Ofisa aliwahakikishia kwamba malipo ya kila mwezi hayatabadilika. Miaka mitatu baadaye riba ilipandishwa, ikapandishwa tena. Mkataba uliiruhusu kampuni kufanya hivyo bila kumwarifu, kwa Kiingereza ambacho hakuna aliyemsomea.

Akaenda mahakamani. Wengi wetu tulimkataza. Gurbachan peke yake ndiye aliyekwenda kumtolea ushahidi.

Wakili wa kampuni aliinua mkataba. “Sahihi hii ni yako?”

“Ni yangu, bwana. Lakini mlinionyesha pa kutia sahihi tu. Hayo mengine hamkunionyesha.”

Watu walicheka. Jaji hakucheka, ila aliamua kwamba sahihi humfunga mtu, awe amesomewa au hakusomewa. Malipo mapya yakamshinda, na mwaka 1973 nyumba ikapigwa mnada. Adero, mkewe, alikuwa amepanda sukumawiki uani. Mnunuzi alimwambia achume kabla ya kuondoka. Hakuchuma hata jani moja.

Kesho yake Makokha alikuwa kazini kabla ya king'ora. Tulimuuliza kama angependa kupumzika kidogo. “Nikapumzikie wapi?” akajibu, akaingia chini ya behewa.

Tangu hapo, mtu wa karakana akienda kukopa humtaka ofisa asome kila kitu kwa sauti, kwa Kiswahili. Faida ya kesi ile tumeipata sisi. Yeye hakupata kitu.

Siku ya kustaafu atakabidhi funguo za nyumba ya reli waliyorudi kuishi baada ya mnada, kisha yeye na Adero waende Kimilili, wakakae kwa mdogo wake. Mzee Makokha, asante kwa kazi na kwa subira uliyotufundisha. Tunakutakia maisha mema, wewe na Adero, na mlango ambao hakuna atakayekuja kuubisha awatoe.