Beji ya Matembezi ya Mraru

Benchi letu hutembea. Asubuhi huwa upande wa mlingoti wa stima, saa sita limeegemea shina la mwarobaini, na alasiri limefika karibu na fundi viatu. Linafuata kivuli, nasi tunalifuata. Liko Voi, hatua chache kutoka barabara ya Taveta, mbele ya birika la Mama Kaveke, ambaye kahawa yake chungu yenye tangawizi huamsha hata waliolala wameketi. Ijumaa hiyo saa tatu tulikuwa bado upande wa mlingoti, watu wanne. Kulikuwa na Muinde, tunayemwita Hakimu, ingawa mahakamani aliingia mara moja tu, kama shahidi. Kulikuwa na Morris, yaani Satelaiti, anayepata habari kabla hazijatokea. Nilikuwepo mimi. Na alikuwepo Zephaniah, Dairekta, amevaa jaketi la kaki lenye mifuko tisa, yote mitupu, na shingoni ana darubini ya kuazima inayoona kwa jicho moja.

Wiki nzima mkutano wa wataalamu wa viumbe na mimea ulikuwa umejaza hoteli za mji. Kesho yake, Jumamosi, wangeacha viti na kutoka nje: basi moja hadi ziwa la Chala, jingine msituni juu ya Bura, na kundi la tatu kwa miguu vichakani kule Mraru. Kiongozi wa kundi hilo la tatu alikuwa amepata msiba kwao. Dairekta aliposikia, aliwapigia waandalizi simu akawaambia kuwa kutoka Voi hadi Mraru hakuna kiumbe asichokijua. Wakajibu kwamba mtu atakuja kumwona. Sasa alikuwa akimngoja mtu huyo.

— Kiongozi anapewa beji, — alisema, akigusa kifua. — Inaning'inia hapa. Jina lako kwa herufi kubwa. Mke wangu Rita nimeshamwambia. Amenipigia pasi hata soksi.

Hatukucheka sana. Ilikuwa miaka kumi na moja tangu aachishwe unyapara katika shamba la mkonge, na tangu siku hiyo hakuna aliyekuja kumtafuta kwa jina kwa ajili ya kazi.

— Na wakikuuliza ndege? — Satelaiti akamjaribu.

— Ndege ni wa aina mbili. Wanaoliwa na wasioliwa.

— Nyoka je?

— Wawili pia. Anayekukimbia, na yule unayemkimbia wewe.

— Elimu imekamilika hiyo, — nikasema.

Dairekta akachovya kidole kikombeni, akatoa kitu, akakifuta kwenye benchi.

— Mama Kaveke, kahawa yako leo ina uchafu. Vitu vyeupe vyeupe.

— Si uchafu huo, Dairekta.

— Basi ni nini?

Lakini alikuwa ameshageuka kabla hajajibiwa, maana Satelaiti alikuwa ameshusha sauti, na Satelaiti akishusha sauti hata fundi viatu huacha kugonga.

— Nyinyi mnadhani wale watu wamekuja kuangalia vipepeo? Mtu atoke ng'ambo, apande ndege mbili, aje kuona kipepeo? Wacheni. Jana nimeona mmoja amepiga magoti nyuma ya hoteli, saa nzima, anaangalia siafu.

— Labda alikuwa anasali, — Hakimu akasema.

— Siafu anachimba, sivyo? Anatoa udongo wa chini kabisa. Na chini ya Taita kuna nini? Mawe ya kijani! Wanawafuata wadudu hadi kwenye vito. Kipepeo ni kisingizio tu. Kesho Mraru yote itakuwa mashimo.

— We Morris, huna habari, — Hakimu akasema, akijinyoosha kama anayesoma hukumu. — Vito gani? Wanahesabu. Wakipata konokono mmoja shambani kwako ambaye hayuko mahali pengine duniani, basi shamba si lako tena. Ni la konokono.

— La konokono?

— Na hati miliki anapewa. Wewe unabaki mpangaji. Ukitaka kupanda mahindi unamwomba ruhusa, naye vile anavyotembea pole pole, jibu litafika mvua imeisha.

— Haki ya Mungu, — nikasema, — ndovu naye amekula mahindi yetu miaka yote bila hati.

— Huyo ana wakili.

Dairekta alikuwa amevumilia vya kutosha. Akaweka kikombe chini.

— Nyote mmepotea. Nimewachunguza kwa darubini hii. Wanavyoshika daftari, hawaandiki wadudu. Wanatuandika sisi.

— Sisi?

— Sisi hapa. "Mzee wa Voi. Hupatikana karibu na birika. Haogopi pikipiki. Hula mahamri, hasa ya kununuliwa na mwenzake." Ndiyo maana wanataka mwenyeji awaongoze. Mimi nitatembea mbele, na kumbe mimi ndiye mnyama!

— Na bado unaitaka hiyo beji? — Hakimu akauliza.

Dairekta akavuta kola ya jaketi.

— Hata mnyama anapenda kuitwa jina lake.

Ndipo msichana mmoja akasimama mbele yetu, viatu vya kupanda mlima mguuni, daftari mkononi. Tulimsikia akianza kusalimu tukanyoosha migongo.

— Hamjambo wazee? Naitwa Daisy, natoka kwa waandalizi wa mkutano. Namtafuta Bwana Zephaniah.

Dairekta akasimama haraka hata darubini ikamgonga kidevu.

— Ndiye mimi. Kutoka hapa hadi Mraru, binti yangu, uliza lolote. Lolote!

— Sina maswali magumu, mzee. Majina ya kitaalamu wanayo wenyewe, wamejaa nayo. Wanachotaka ni mtu anayeangalia. — Akainua macho juu ya vichwa vyetu. — Mnakaa hapa kila siku?

— Miaka kumi na minane, — Hakimu akajibu kwa niaba ya benchi.

— Vizuri. Basi niambie tu, mzee: huu mwarobaini wenu huchanua lini?

Fundi viatu aliacha kugonga.

— Huchanua... — Dairekta akaanza.

— Baada ya mvua, — Hakimu akamnong'oneza.

— Hauchanui kabisa, — Satelaiti akamnong'oneza upande wa pili. — Ni dawa huu. Dawa inachanua?

— Huchanua, — Dairekta akasema, — kulingana na hali.

Kitu kidogo cheupe kikadondoka kutoka juu, kikazunguka hewani, kikatua katikati ya kikombe chake. Daisy alikitazama. Sote tulikitazama. Kisha tukainua vichwa, wazee watatu na mimi, na juu yetu mti wote ulikuwa mweupe, unavuma nyuki.

— Umeanza Jumatano ya wiki iliyopita, — akasema Mama Kaveke, akimimina kahawa bila kutazama juu. — Upande wa mlingoti kwanza, huku kwa fundi baadaye. Nafagia mara mbili kwa siku. Na yule chozi, ndege mdogo wa mdomo uliopinda, anakuja nikishamaliza birika la kwanza. Alikuwa na mwenzake. Tangu Jumatatu anakuja peke yake, nadhani mwenzake analalia mayai.

Daisy akafungua daftari.

— Mama, Mraru unapajua?

— Nimezaliwa huko. Kuni tuliokota huko.

— Jina lako kamili?

— Priscilla Mukonyo.

Hakimu alinigeukia, nami nikamgeukia Satelaiti. Hakuna kati yetu aliyekuwa amewahi kulisikia.

Dairekta aliketi. Akanywa kahawa yote, na ua lake.

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi basi dogo lilisimama kando ya mwarobaini. Mama Kaveke alipanda na lesso yake, beji shingoni. Kabla mlango haujafungwa, Dairekta alimwomba aishike kidogo. Akaisoma herufi kwa herufi, akaigeuza nyuma, akamrudishia. Kisha akavua darubini akampa.

— Jicho la kushoto ndilo linaona, Mama Priscilla.

Wakaenda. Tukabaki na benchi, na birika lililopoa tangu jana. Hakimu alisema atapika yeye, akagundua hajui tangawizi ni kiasi gani. Satelaiti hakuwa na habari yoyote. Saa tatu ikapita, kivuli kikahama, benchi likabaki juani kwa sababu kila mmoja alidhani mwenzake ndiye atakayelivuta. Dairekta alikuwa amechuchumaa chini na jaketi lake la mifuko tisa, ameweka ua moja kiganjani, macho karibu kuligusa.

Msafiri mmoja aliyeshuka kwenye gari la Taveta akatujia, begi begani.

— Wazee, kahawa iko?

Tukatazamana.

— Tano, — akasema Dairekta, bila kuinua kichwa. — Lina petali tano.