Haika Temu na Maji ya Namalau

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Mlioko jikoni Walthamstow, mlioko kwenye treni mkirudi kutoka Southall, na ninyi mnaotusikiliza kazini kwa sikio moja, karibuni. Mimi ni Linus. Leo tunamzungumzia Haika Temu.

Haika Temu alifariki Jumanne iliyopita hapa London, baada ya kuugua saratani kwa miezi saba. Alikuwa na miaka hamsini na nane. Ameacha mume, Samson, ambaye ni dereva wa basi, na binti mmoja, Teresia.

Wengi wenu mnamkumbuka kwa makande aliyopika kwenye misiba yetu. Wachache mnajua kwamba aliwahi kuandika habari za kijiji kimoja cha Indonesia, na kwamba kwa ajili ya kijiji hicho alipoteza kazi.

Haika alizaliwa Kilimanjaro, upande wa Marangu. Baba yake alikuwa msimamizi wa mfereji wa maji. Ndiye aliyepanga leo nani anamwagilia na kesho nani. Haika alipokuja London alianza kwa kusafisha ofisi, akasoma huku anafanya kazi, mpaka akaajiriwa na kampuni moja ya ushauri. Kampuni hiyo iliandaa wasifu wa vijiji. Yaani kitabu kidogo kinachomweleza mgeni na mwekezaji: kijiji kiko wapi, kinafikikaje, kina nini, hakina nini.

Miaka minne iliyopita walimtuma Namalau. Namalau ni kijiji kwenye kisiwa kidogo, mashariki mwa Indonesia. Kuna mwekezaji alitaka kujenga hoteli pale. Hoteli ya vyumba sitini.

Nimeusoma wasifu alioandika. Hauna mbwembwe. Anasema boti kutoka mjini inachukua saa tatu, na bahari ikichafuka haiji kabisa. Kaya ni mia moja na kumi na mbili. Watu wanavuna karafuu, wanakausha nazi, wanalima mwani. Simu inashika gatini tu. Mgeni aje na viatu vya kukanyagia mawe, na asivue samaki siku ya Jumapili.

Alikaa wiki tatu, nyumbani kwa mjane mmoja aitwaye Yosina. Mwalimu wa shule ndiye aliyekuwa mkalimani wao. Siku ya nne Haika aliuliza maji yanatoka wapi. Yosina akampeleka kwenye chemchemi nyuma ya kanisa. Chemchemi moja, kwa kijiji kizima.

Ulikuwa mwisho wa kiangazi. Haika aliomba ndoo ya lita ishirini, akatoa saa. Ndoo ilijaa kwa sekunde sitini na tano. Akarudia kesho yake, na keshokutwa. Sekunde sitini na tano. Akapiga hesabu: chemchemi inatoa lita elfu ishirini na sita kwa siku. Kijiji kinatumia elfu ishirini na nne. Hoteli ya vyumba sitini ingehitaji elfu thelathini na sita.

Nasema tena, wasikilizaji. Maji yaliyokuwa yakibaki ni lita elfu mbili. Hoteli ilitaka elfu thelathini na sita.

Kabla Haika hajaondoka, Yosina alimwomba jambo moja. Watu wa kuandika walishakuja Namalau, wakaondoka na karatasi zao, na kijiji hakikuwahi kuona kilichoandikwa. Haika akamwahidi atawaletea nakala.

Aliporudi London, meneja wake aliusoma wasifu, akaupenda, isipokuwa ukurasa wa maji. Akataka utolewe, na mahali pake iwekwe sentensi moja: maji safi ya chemchemi yanapatikana. Haika akasema sentensi hiyo ni kweli, na kwamba hilo ndilo tatizo lake, kwa sababu kila atakayeisoma ataelewa uongo. Akapewa siku mbili. Asaini wasifu bila ukurasa huo, au aache kazi.

Siku hizo Samson alikuwa nyumbani akiumwa mgongo, haendeshi. Teresia alikuwa mwaka wa kwanza chuo kikuu. Samson ameniambia hivi:

“Nilimwambia, Mama Teresia, saini tu. Hao watu hawatujui. Akaniangalia. Akaniambia, ‘Mimi nawajua.’”

Hakusaini. Alituma Namalau nakala yenye ukurasa wa maji, kama alivyoahidi, na wiki hiyohiyo akaondolewa kazini.

Sasa, msidhani kijiji kilimshangilia. Kiligawanyika. Wazee walishukuru. Vijana wengi walikasirika, kwa kuwa hoteli ilikuwa ajira yao. Mkwe wa Yosina, kijana aitwaye Markus, alikwenda gatini akampigia Haika simu. Akamwambia kwa Kiingereza chake cha shule: “Wewe uko London. Sisi tulikuwa na nafasi moja, nawe umeifunga.”

Haika hakujitetea. Baadaye alimwambia Samson, “Ana haki ya kukasirika. Lakini hasira yake haiongezi maji.”

Watu wa hoteli walipofika, wazee waliwapeleka chemchemini na ndoo. Wakapima wenyewe. Mwezi uliofuata wakahamia kisiwa kingine. Markus na wenzake wakabaki hawana kazi, na Haika alilijua hilo kila siku.

Alipata kazi ya kuhudumia wazee, hapahapa Walthamstow. Siku zake za mapumziko aliuandika upya wasifu wa Namalau. Safari hii hakuwa na mwajiri. Aliandika kinachowezekana kwa maji yaliyopo: vyumba sita vya wageni, matangi ya kukinga mvua, karafuu zinazouzwa moja kwa moja. Kisha akaubeba mkobani pamoja na sampuli ya karafuu, akawa anaingia duka moja hadi jingine akitafuta mnunuzi. Teresia aliona aibu. Anasema, kwa Kiingereza, nami nawatafsiria: “Mama alikuwa anawafundisha wenye maduka jiografia, na foleni inasubiri.”

Duka la kumi na moja lilikuwa la Tejal, mama mzaliwa wa Mombasa, anauza viungo Kingsbury Road. Tejal alinusa sampuli, akasoma wasifu wote akiwa amesimama, akauliza, “Hawa wanaweza kuleta magunia mangapi?”

Huu ni mwaka wa tatu sasa. Karafuu zinakuja. Vyumba sita vimejengwa, na anayevisimamia ni Markus. Nilimpigia Alhamisi. Hakupamba maneno. Alisema bado anaamini wenzake waliokwenda mjini kutafuta kazi wangebaki kama hoteli ingejengwa. Kisha akasema mwaka jana mvua zilichelewa wiki saba, chemchemi ikapungua, watu wakachota kwa zamu. “Siku hizo nilimfikiria sana,” alisema. “Nilitaka kumpigia. Sikupiga.”

Wasikilizaji wapendwa, na mimi nina langu. Mwaka juzi Haika alikuja hapa studio. Alitaka dakika kumi za kuzungumzia Namalau. Nilimjibu kwamba wasikilizaji wetu hawana habari na Indonesia. Hakubishana. Alinishukuru, akavaa koti lake, akaenda kupanda basi. Dakika hizo nilipaswa kumpa azitumie mwenyewe, kwa sauti yake. Leo nimezitumia mimi, na hayupo.

Kwako Samson, kwako Teresia, kwa ndugu walioko Marangu, na kwa Mama Yosina, ambaye mwalimu ameahidi kumtafsiria maneno haya: poleni sana. Tuko pamoja nanyi.

Na sisi tuliobaki, hebu tutulie kidogo. Kila mmoja wetu yupo mahali ambapo anaona jambo ambalo wenye kuamua hawalioni. Uko kwenye wodi, uko jikoni kwa watu, uko ofisini. Jambo gani unalijua, na umenyamaza kwa kuwa watakaoumia hawakujui?

Asubuhi ya leo, huko Namalau, watu mia nne na themanini wamechota maji.