Tumbo Lilipona, Moyo Ukaachwa

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe tena, maana leo nimesimama hapa na hasira, na mbele za Mungu sitaificha.

Mnanijua. Mimi ni Mama Agatha, fundi cherehani wa hapa Mazwi. Nilikuwa mnene hata bodaboda wakigoma kunipakia, nanyi mkicheka! Presha na sukari zikanitesa, magoti yakakataa. Mwaka juzi nikaenda Dar es Salaam, nikafanyiwa upasuaji wa kupunguza mfuko wa tumbo ili nile kidogo.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Nikaruhusiwa na karatasi ya vyakula, basi! Hakuna aliyeniuliza moyo wangu ukoje. Ndugu zangu, tangu nifiwe na mume wangu, sahani ya ugali wa ulezi ndiyo iliyokuwa ikinifariji. Waliniondolea faraja hiyo wasiniachie nyingine. Nilikililia chakula kama mtu anavyolilia marehemu!

Mwili ukapukutika. Mkaanza kunong'ona, "Mama Agatha amekanyaga waya," kwamba nina UKIMWI. Hapa hapa, kwenye jumuiya yetu! Nikajifungia ndani. Nikala kwa kujilazimisha, nikatapika, nikala tena. Mwisho nikamwambia binti yangu, "Agatha, mimi nimechoka kuishi."

Agatha alinishika mkono, tukaenda hospitali yetu ya hapa kwa miguu, mimi na khanga yangu ya ndani.

Nesi aliyetupokea alilitazama kovu, akaketi karibu yangu. "Mama, kidonda kimepona. Wewe mwenyewe je? Unalala? Unalia?"

Nikaangua kilio. "Mbona hamkuniuliza mapema?"

"Ulipaswa kuulizwa hata kabla ya kisu, mama. Tusamehe."

Alinipeleka kwa mshauri, dada mmoja mpole. Miezi mingi nilikwenda kwake kila Jumanne, Agatha akiwa pembeni yangu. Huko ndiko nilikomzika mume wangu kwa mara ya pili, safari hii kwa maneno. Leo nakula kidogo, na chakula kinakaa. Nashona. Nacheka!

Tena mmoja wenu aliniambia, "Ungeomba tu, ushauri ni upungufu wa imani." Ndugu yangu, niliomba! Mungu akanijibu kwa kinywa cha nesi. Wewe ni nani ulikatae jibu lake?

Namshukuru Bwana. Na kama yupo hapa anayeteseka kimya, mwili umetibiwa na roho inavuja damu, asiogope. Mtumaini Mungu, kisha njoo kwangu. Jumanne nitakusindikiza, nami nitaketi nawe kwenye benchi mpaka uitwe.