Zawadi, Si Mkopo

Lois hakuwa ametega sikio, ila basi la Roseville, huko ughaibuni, lilikuwa kimya mno. Mbele yake, kijana mwenye sare ya uuguzi alikuwa akimweleza mama asiyemjua kwamba pesa anazotakiwa kuonyesha kuwa anazo benki ili apewe ukaazi wa Kanada alichangiwa kanisani, Jumapili moja, hadi sahani ya chapati ikapigwa mnada mara nne.

"Hapo watu wa uhamiaji watakushuku, mwanangu," mama alisema. "Kila aliyetoa aandike barua kuwa ni zawadi, hakudai kitu."

"Hawanidai, auntie. Walisema tu nikifika nisiwasahau."

Mama akainua kidole. "Hiyo wasiiandike."

Basi likasimama. Lois, aliyeagwa Eldoret kwa maneno hayo hayo ya "usitusahau" miaka kumi na mmoja iliyopita, na anayetuma pesa nyumbani kila mwezi mpaka leo, akashuka akitabasamu.