Aliyechora Ndiye Anayelisha Bati la Kwanza

Wasikilizaji wapendwa, habari za jioni. Kama kuna kitu kinachemka jikoni, punguza moto kidogo, vuta kiti. Leo tunamkumbuka mwanamke ambaye huenda hukuwahi kumsikia, lakini kazi za aina yake unazishika kila siku. Mlango ulioufungua asubuhi una bawaba. Sufuria yako ina mfuniko. Kuna mtu alikaa akafikiria bati lile likunjweje.

Yeye alikuwa mchoraji wa kalibu za presi. Kiwanda kizima kilimwita Mama Kalibu. Na kalibu ni nini? Ni vyuma viwili vigumu, kimoja juu, kimoja chini. Bati linawekwa katikati, presi, ile mashine ya kukandamiza, inashuka, kufumba na kufumbua bati limekuwa bawaba. Tatizo ni moja tu. Presi haina macho. Haijui hili ni bati na hiki ni kidole.

Mdogo wake wa kiume alikuwa mwendesha presi kiwandani humohumo. Siku moja bati lilikaa upande, likakwama. Akaingiza mkono kulinyoosha. Presi ikashuka. Vidole viwili vya mkono wa kulia vikaenda. Na kalibu ile, wasikilizaji wapendwa, ilichorwa na dada yake.

"Hakuna aliyemlaumu," anasema mdogo wake. "Nilimwambia, dada, ni ajali tu. Akaniuliza, 'Na hiyo ajali aliichora nani?'"

Mdogo wake akahamishiwa stoo. Hakukanyaga tena chumba cha presi, hata njia inayopita mlangoni pake aliikwepa. Dada mtu akaweka sheria: aliyechora kalibu ndiye anayelisha bati la kwanza, yaani kuliingiza kwenye presi. Kwa mikono yake mwenyewe. Narudia: kwa mikono yake mwenyewe. Alisema ukijua mkono wako ndio utakaotangulia, unachora kwa adabu.

Sheria hiyo iliwatoa watu jasho. Mhandisi mmoja alichora kalibu, siku ya kulisha bati tumbo likamshika. Mama Kalibu akamsubiri. Tumbo lilipopona, mtu akaomba arudishiwe mchoro wake kwanza, kuna mahali anataka kuparekebisha!

Kisha kompyuta zikaingia. Mama Kalibu alikuwa mtu wa penseli, tena ya kuchomeka nyuma ya sikio. Binti wa mdogo wake alipotoka chuoni akaajiriwa pale, akaja na programu inayolikunja bati kwenye skrini kabla chuma hakijachongwa.

"Shangazi, hapa patapasuka," binti akamwambia, akimwonyesha kona yenye rangi nyekundu.

"Mwanangu, hiyo rangi umeipaka wewe."

Chuma kikachongwa kama shangazi alivyotaka. Bati la kwanza akalilisha mwenyewe. Likapasuka palepale penye rangi nyekundu. Mama Kalibu alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akasogeza kiti mbele ya kompyuta, akasema, "Haya mwalimu, nifundishe."

Akafundishika. Wawili hao wakachora kalibu za siku hizi, ambazo ndani yake ukanda wa bati unajisogeza wenyewe, unatobolewa, unakunjwa, unakatwa, hakuna mkono unaoingia kati. Na zile za kulishwa kwa mkono wakazitia vihisi, vidude vidogo kama kifungo cha shati. Bati likikaa upande, kihisi kinajua, na presi haishuki.

Kalibu yake ya mwisho ilikuwa ya bawaba, kama ile iliyomla mdogo wake vidole. Ilipokuwa tayari, Mama Kalibu alikuwa kitandani, hawezi hata kusimama. Binti akavaa koti la kazi, alishe yeye.

"Nilishashika bati," binti anasimulia. "Nikageuka, nikamwona baba mlangoni. Baba! Kwenye chumba cha presi! Akaniambia, 'Nipishe. Zamu ya shangazi yako ni yangu.'"

Mzee wa watu akalichukua bati. Hakuliweka sawa. Aliliweka upande, makusudi, kama lilivyokaa siku ile. Akarudi nyuma, akabonyeza vitufe. Taa nyekundu ikawaka. Presi haikushuka. Akabonyeza tena. Haikushuka. Akatoka nje, akampigia dada yake simu.

"Nilimwambia, dada, nimeliweka vibaya kama siku ile, na presi imegoma. Nikasikia analia. Halafu akauliza, 'Mkono wako uko wapi?' Nikamwambia, 'Huu hapa, dada. Umeshika simu.'"

Alirudi ndani akalinyoosha bati, bawaba ya kwanza ikatoka safi. Jioni ile alimpelekea. Mama Kalibu aliifungua na kuifunga, akaiweka chini ya mto. Ilikuwa pale alipofariki wiki hiyo.

Kwa mdogo wake, kwa binti, na kwa wote wa chumba kile cha presi, poleni sana kutoka kwetu sote hapa redioni. Na ahsanteni kwa kutupa mtu kama yule. Apumzike, kazi ameimaliza.

Nawe msikilizaji, utakaponawa mikono kabla ya kula, itazame kidogo. Pengine kuna mtu usiyemjua aliyekosa usingizi kwa ajili ya mikono hiyo.