Uji Kabla ya Picha: Kumuaga Mama Wilkister Aketch

Mama Wilkister Aketch anastaafu Ijumaa, tarehe 5 Desemba 1958, baada ya kuipikia shule yetu ya misheni hapa Ruiru kwa miaka ishirini na mmoja. Wanafunzi tuliombwa tuandike wasifu wa furaha. Furaha ipo, lakini tukiiandika peke yake tutakuwa tumesema uongo.

Alikuja kutoka Nyanza akimfuata mumewe, mkata katani huko Thika. Mume alipofariki, misheni ilimpa kazi ya kufagia. Asubuhi moja mpishi hakufika, Mama Wilkister akapika, na tangu hapo hakuna aliyemuuliza habari za ufagio.

Desturi yake ilikuwa kwamba kila mtoto anywe uji kabla ya kengele, aliyelipa karo na asiyelipa, kwa vikombe vya namna moja. Hivyo hakuna aliyejua nani ametoka nyumbani bila chakula. Wakati wa Hali ya Hatari, askari alikuja jikoni kutaka aonyeshwe watoto ambao baba zao wamo kizuizini.

"Afande, baba ya mtu mimi simjui," Mama alimjibu. "Najua vikombe tu. Unataka kimoja?"

Akanywa viwili, akaenda zake.

Unga ulitoka kwa Kamati ya Hisani, yaani Wazungu wa mashamba ya kahawa na matajiri wachache wa Thika. Kwa unga huo tunawashukuru. Lakini miaka ilivyokwenda, kamati ilianza kutoa kile ilichopenda kuonekana ikitoa. Tuliomba vikombe, tukaletewa makasha ya glavu za sufu kutoka Ulaya. Glavu, Ruiru, mwezi wa Februari! Mama Wilkister alizifumua zote, akafuma kofia za watoto wachanga wa kijiji jirani cha Theta. Kamati ilipokuja kupiga picha ya glavu, ilikuta vichanga wamevaa kofia za kila rangi, na Mama akaeleza kwa adabu kwamba vidole vya hapa havisikii baridi. Tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Sasa hatucheki. Mwaka huu kamati iliamuru kwamba siku ya wageni watoto wasimame uwanjani na vikombe vitupu, waimbe wimbo wa shukrani, wapigwe picha, ndipo wanywe. Septemba wageni walichelewa mpaka jua likawa kali. Nduku, mtoto wa darasa la kwanza anayetembea kutoka Theta, alianguka kwenye mstari. Mama Wilkister alimbeba hadi kivulini, akafunua sufuria, akawagawia wote. Wageni walipofika, vikombe vilikuwa vimeshalambwa.

"Mpishi! Kwa nini toto nakula? Picha bado!" Bibi Mwenyekiti alifoka.

"Memsabu, watoto walikuwa na njaa. Kama ni picha, sufuria hiyo hapo. Ipige."

Kwa sababu ya jibu hilo kamati imegundua ghafla kwamba Mama Wilkister amezeeka na anahitaji kupumzika. Tena kuanzia Januari unga utaletwa siku za wageni tu. Ni aibu, na tunaiita aibu. Nduku atatembea kutoka Theta Jumatatu na Jumanne na siku zote ambazo hakuna mgeni wa kumtazama, na tumbo lake litakuwa tupu vilevile. Tunaambiwa anayepewa hachagui. Mtoto huyu hakuchagua chochote. Ni mtoaji aliyechagua, akachagua picha.

Wazazi wa Theta walikutana wiki iliyopita. Kila nyumba imetoa mahindi ya mavuno ya Agosti, na Kalondu, ambaye Mama Wilkister amekuwa akimfundisha kazi, atapika kwa zamu na akina mama wengine. Mahindi hayo yatatutosha mpaka Pasaka. Baada ya hapo hatujui, ila wasichana wamelima nyuma ya shule, mvua imenyesha, na mimea imefika magotini. Kamati nayo bado inakaribishwa. Ije mapema, kabla ya kengele, ikae benchi moja na Nduku, inywe.

Mama Wilkister, ahsante kwa kila asubuhi. Unaporudi Nyanza, Mungu akupe afya, wajukuu wengi, na mtu wa kuamka kabla yako akuwashie moto.