Gitaa Lililokosa Umeme Kitahana

Kijiwe chetu kiko Kasulu mjini, ubavuni mwa duka la vitenge la Nurudini, kwenye benchi la mninga ambalo mguu wake mmoja ni tofali. Dada Mwamvua hutua na birika lake la kahawa asubuhi, ukungu bado umekaa vilimani, na tunaokaa hapo tunajuana. Nurudini tunamwita Waziri kwa ajili ya makoti yake. Longinus, fundi wa redio na spika, ni Daktari. Mimi ni Katibu, ingawa siandiki chochote. Jumatatu ile Mzee Pasikali, mpiga gitaa wetu, alichelewa, na ndiye tuliyekuwa tunamjadili.

Habari aliileta Daktari. Jumamosi walikuwa na harusi Kitahana, kule Kibondo, yeye kafunga vyombo, Pasikali na wenzake wanapiga. Katikati ya wimbo umeme ukakatika. Jenereta likagoma. Mwimbaji akaweka maiki chini, wa kinanda akaenda kutafuta soda. Pasikali peke yake akaendelea, kafumba macho, vidole vinakimbia kwenye nyuzi, na gitaa la umeme likikosa umeme hata aliye kwenye meza ya jirani hasikii kitu. Halafu Valeria, shangazi wa bibi harusi, akaingia uwanjani akaanza kucheza. Wengine wakamfuata. Wakacheza mpaka Pasikali alipomaliza, wakampigia makofi.

– Alikuwa amesinzia, alisema Waziri. Vidole vimeshazoea. Hata mimi kitenge nakipima nimelala.

– Waziri, unazingua, alisema Daktari. Aliyelala hawezi kumaliza wimbo pale unapoishia. Ule ni umeme uliobaki kwenye waya.

– Wimbo mzima?

– Waya wenyewe mrefu, bwana.

Waziri akasema basi huenda ni masikio ya watu wa Kibondo. Wamezoea kusikiliza mambo ya mpakani, wanasikia hata kisichosikika. Daktari akauliza mbona yeye mwenyewe ni wa Kibondo na hakusikia kitu. Hapo Dada Mwamvua, akiwa anasuuza vikombe, akatuambia kwa utulivu kwamba Pasikali alimeza uzi wa gitaa alipokuwa kijana, na tangu hapo muziki unatokea tumboni. Hatukucheka. Kila mtu alikuwa anaupima huo uwezekano.

Pasikali akatokea. Alitusalimia kwa Kiha, mwakeye, akapokea kikombe chake, akakaa. Mwishoni mwa benchi alikuwa ameketi Ghati, mwalimu aliyehamishiwa huku karibuni kutoka Mara. Kwa kawaida alikuwa akinunua kahawa na kunywa amesimama. Siku ile ndiyo mara ya kwanza alipokubali kukaa.

Daktari hakuzunguka.

– Mzee, pale Kitahana ulijua kwamba umeme umekatika?

– Nilijua. Spika ikizima mtu unasikia.

– Sasa mbona hukuacha?

Pasikali alikunywa kwanza. Kisha akatuhadithia habari za ujana wake, alipokuwa na bendi ya watu watatu. Raymond, mtu wa hapa Kasulu, alipiga besi. Ndayikeza, Mrundi aliyekuwa akiishi kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, alipiga ngoma. Pasikali na Raymond walikuwa wakipanda baiskeli hadi kambini, magitaa mgongoni, wakifika wamejaa vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Huko hakukuwa na umeme wa kuchomeka chochote. Walikaa chini ya turubai magoti yakigusana, magitaa yakinong'ona, Ndayikeza akigonga kwa vidole debe la mafuta ya msaada taratibu ili asiwafunike. Aliyepiga kivivu, Raymond alimkemea. Alikuwa akisema hivi: msipige nusu nusu eti kwa kuwa hakuna anayetusikia, sisi si tunasikia?

Baadaye Ndayikeza alipelekwa nchi ya mbali, ya baridi. Alipiga simu kwa muda, akicheka kwamba vidole vyake vimekuwa vigumu kama mihogo, halafu namba ikaacha kupatikana. Raymond aliugua figo, akafariki, akazikwa upande wa kwao. Pasikali akaendelea na watu wengine, wazuri tu, kwenye mabaa, harusi na mikutano.

– Lakini hawa wa sasa wanapiga kwa sauti, alisema. Spika zinajaa mpaka kifuani. Basi Kitahana zilipozima, nikawasikia. Raymond upande huu, Ndayikeza upande huu, na debe lake. Sikuwa nimewasikia miaka mingi. Ningeachaje?

Alisema hivyo anatabasamu, akajifuta macho kwa kiganja bila kuficha. Waziri akamsogezea kashata. Daktari akasema hilo nalo linaingia akilini, kuliko la waya. Tukacheka wote, na Pasikali kuliko sisi, hasa aliposikia habari ya uzi aliomeza.

Mwalimu Ghati alingoja kicheko kipungue.

– Shikamoo, mzee. Samahani, mimi mgeni. Wewe ulikuwa unawasikia wenzako. Sasa yule shangazi na wale wengine, wao walikuwa wanacheza nini?

Daktari alimtazama Waziri, Waziri akanitazama mimi. Pasikali akaanza kucheka tena, polepole, anatikisa kichwa kama mtu aliyepewa zawadi asiyojua pa kuiweka. Dada Mwamvua akainamisha birika amwongezee mwalimu, likatoa machicha tu. Kahawa imekwisha, na hakuna aliyenyanyuka.